Namba Imepewa Mtu Mwingine

Jumatano, katika duka moja la simu mjini Machakos, mama kutoka Masii alifungua leso akatoa simu.

"Mama, laini imeekspaya," akasema msichana wa kaunta. "Hukuongeza kredi. Namba imepewa mtu mwingine."

"Mimi hupokea tu. Kijana yangu ako Sudani, na anajua hiyo namba tu."

"Ni sheria ya kampuni."

"Basi pigia huyo mtu."

Msichana akapiga. Mwanamume akajibu kutoka Matuu: "Huyo kijana alipiga jana. Nilimwambia amekosea namba."

"Akipiga tena, mwambie apige hapa dukani," mama akasema.

Mimi ninayeandika haya nimechoka na lugha hii ya laini kuisha muda. Maana yake ni mama hapatikani. Yeye aliketi kwenye benchi, akavua viatu, akauliza duka hufungwa saa ngapi.