Kamera Chini ya Leso

Dada yangu alipopanga ruracio yake, siku ya kuletwa mahari nyumbani kwetu Ruiru, mama alinipa kazi moja: nipige picha mchumba akimfunua. Kwetu msichana hufichwa kati ya wenzake, wote wakiwa wamefunikwa leso kutoka kichwani hadi miguuni, na mwanamume hutakiwa kumtambua wake. Akikosea, faini. Ruracio ya mama mwenyewe haikupigwa picha hata moja, na jambo hilo lilimuuma miaka yote.

"Nataka hiyo moja tu," aliniambia. "Zingine hata zikiharibika ni sawa."

Simu yangu ilitoa picha zenye ukungu, basi nikaenda Thika kununua kamera. Mimi na kamera tulikuwa hatujuani. Nilikuwa nimetazama video nyingi mtandaoni, na kila niliyekutana naye nilimhubiria megapikseli kama mtu aliyeokoka juzi.

Dukani nililiendea moja kwa moja likamera likubwa, lenzi yake nene kama chupa ya uji. Nilijiona nalo: watu wakinipisha, shangazi zangu wakininyamazia. Nikalivaa. Shingo ikaanza kulalamika, na kila nilipobonyeza, picha ilitoka nyeusi tii.

"Madam, hiyo inataka mtu anajua settings," muuzaji akasema. "Wewe ni beginner?"

"Nani amekuambia?"

"Umeishika kama mtoto wa wenyewe."

Nilikasirika, halafu nikacheka, kwa sababu ilikuwa kweli. Akanipa ndogo ya kuingia kwenye mkoba, ambayo hutafuta sura za watu yenyewe. Nikampiga yeye picha, nikapiga rafu za duka, nikampiga mwanamke aliyekuwa akipita nje na ndizi. Zote zikatoka safi. Nikainunua, ingawa roho ilibaki kwa ile kubwa.

Siku ya ruracio nilipiga kila kitu, hadi mbuzi. Ghafla shangazi akanishika mkono.

"Unaenda wapi na wewe ni dada yake? Kuja ufunikwe."

"Na picha je?"

"Picha gani? Wasichana ni wachache, atamjua mara moja!"

Kumbe mimi na mama hatukuwa tumeliwazia hilo hata kidogo. Nikafunikwa leso na kamera yangu mkononi, ubavuni mwa dada yangu, nikitaka kulia kwa hasira. Nilisikia viatu vya shemeji vikija, wanawake wakiimba na kumchokoza. Vikapita. Vikarudi. Vikasimama mbele yangu.

Leso ikanyanyuliwa.

"Ngai!" shemeji akamwita Mungu, na ua mzima ukaangua kicheko. Faini, mbuzi! Lakini aliyefunuliwa hafunikwi tena. Nilikuwa huru, tena nimesimama pahali ambapo hakuna mpiga picha ambaye angeruhusiwa kusimama. Shemeji akasogea kwa woga hadi kwa aliyefuata, akashika pindo la leso, nami nikabonyeza.

Wageni walipoondoka, mama aliitazama picha kwenye kamera kwa muda mrefu. Ilikuwa safi. Dada yangu anacheka huku machozi yakimtoka, na mkono wa shemeji bado uko hewani.

"Imetoka vizuri," mama akasema. "Lakini mbona haangalii bwana yake? Anaangalia nani?"

Alikuwa ananiangalia mimi. Tulilala kitanda kimoja tangu utotoni, na mchana kutwa nilikuwa nimecheka na kukimbia huku na huku bila kuelewa kwamba anaondoka. Nikamwachia mama kamera, nikaenda nyuma ya nyumba, nikalia.