Nilienda Kutengeneza Lips, Mjomba Akaja Kuangalia Mbavu

Nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha daktari, midomo imechorwa mistari kwa kalamu nyeupe, wakati mjomba wangu Osiako aliposukuma mlango bila kubisha. Mkononi alikuwa na mwiko mpya, ule mkubwa wa kusongea ugali wa matanga.

"Gentrix," akasema huku akihema. "Inua hiyo blauzi. Tuone mbavu."

Nyuma yake alikuwa mama yangu, analia. Nyuma ya mama alikuwa senge wangu Immaculate, dada ya baba, amemshika Wangila shati hapa kifuani mpaka vifungo viwili vimeenda.

Na huyo Wangila ndiye mwanamume aliyekuwa aje kwetu na wazee wake Jumamosi kuniposa. Hiyo siku ilikuwa Jumatano.

Wacha nianzie mwanzo, la sivyo mtadhani kwetu ni wendawazimu.

Naitwa Gentrix Muhonja. Nauza viatu vya wanawake hapa Kakamega mjini, lakini nyumbani ni Matungu, kule kwenye miwa. Kanisani mimi ndiye msomaji wa matangazo. Nilikuwa napenda hiyo kazi sana.

Mwezi mmoja kabla ya hayo yote, mtu alinirekodi nikisoma, akatupa video kwenye group ya WhatsApp ya kanisa. Jescah wa kwaya akaandika: "Amesoma vizuri, Mungu ambariki. Ila mdomo wa juu uko wapi jamani? Umeenda likizo?"

Watu wakacheka. Niliwahesabu. Vicheko arobaini na kimoja. Hata mchungaji aliweka chake, halafu akakifuta. Nilikuwa nishakiona.

Iliniuma, siwezi kudanganya. Kuanzia siku hiyo nikijitazama kwenye kioo sioni macho, sioni pua, naona mdomo tu. Nikaanza kucheka nikiwa nimejiziba na mkono. Mteja akiniuliza kama kuna saizi ya thelathini na nane, namjibu kupitia vidole.

Ndipo nikaliona lile bango.

Kuna kliniki ya urembo ilikuwa imefunguliwa ghorofa ya pili, juu ya duka la mbegu na mbolea. Bango lilikuwa kubwa, limeandikwa TUNATENGENEZA LIPS. Upande wa kushoto picha ya midomo, KABLA. Upande wa kulia midomo mingine, BAADA. Sura haikuwepo, ni midomo mitupu.

Ile ya KABLA, wueh! Ya chini nene na kavu, ya juu nyembamba kama uzi. Nikasema, dada yangu, pole, hata mimi najua unavyojisikia.

Ile ya BAADA ndiyo iliyonimaliza. Imejaa, imetulia, inang'aa. Na pale kwenye kona ya kushoto kulikuwa na kialama kidogo, kama nukta, ambacho nilikiona ndio urembo wenyewe. Nikaipiga picha na simu yangu. Nilikuwa naiangalia kila asubuhi kabla ya kufungua duka.

Wangila sikumwambia kitu. Yeye ana duka la kuchapisha karibu na soko: programu za mazishi, kadi za harusi, mabango, picha za passport. Ukimuuliza kama umependeza, anasema "uko sawa tu" huku macho yako kwa kompyuta. Wanaume wote husema hivyo. Nikaona nisimsumbue. Jumamosi wazee wake wangekuja kutoka Matete, picha zingepigwa, na mimi nilitaka nitokee na ile midomo ya BAADA.

Sasa, mimi nilidhani kliniki ni kama saluni. Unaingia, unadungwa, unatoka na lips zako mpya, unapita mbele ya Jescah polepole.

Kumbe kuna fomu.

Nilikuwa bado nimekaa nje najaza fomu wakati senge Immaculate alipopiga simu. Yeye, mama na mjomba Osiako walikuwa wamekuja mjini kununua sufuria, sahani na mwiko kwa ajili ya wageni wa Jumamosi.

"Gentrix, uko wapi? Tumefika kwa duka yako, imefungwa."

"Niko kliniki, senge, hapa juu ya duka la mbegu," nikanong'ona.

"Kliniki! Uko na nini?"

Senge simfichi kitu. "Ni lips tu."

"Rips?"

"Eee, rips."

Hapa ndipo mambo yalipoharibikia. Sisi watu wa huku, l na r kwetu ni kitu kimoja. Na p na b pia tunazibadilisha tukitaka. Kwa hiyo midomo, ambayo watu wa mjini wanaiita lips, ni rips. Na mbavu, ambazo hospitalini wanaziita ribs, nazo ni rips. Senge alikuwa ameuguza mtu wa mbavu mwaka jana. Rips anazijua yeye ni zile.

"Zimefanya nini?" akauliza.

"Hazijakaa sawa. Ya juu imeingia ndani, ya chini ndiyo imetokeza."

"Mayi wee! Na Wangila anajua uko hapo?"

"Hapana! Na asijue. Tafadhali senge, wacha Jumamosi ipite kwanza."

"Kwani ni yeye?"

Mimi nilielewa anauliza kama najirembesha kwa ajili yake. Nikacheka kidogo. "Si ni yeye tu. Lakini nimekubali mwenyewe, senge. Ndiyo mapenzi."

Simu ikakatika. Nikadhani ni mtandao.

Nikaitwa ndani.

Daktari alikuwa mwanamke, Daktari Cheptoo, mpole lakini hana mchezo. Alikuwa na bango lilelile ukutani nyuma yake, kubwa kuliko la nje. Nilingoja atoe sindano. Akatoa maswali.

Una mimba? Unanyonyesha? Kuna dawa unakunywa, hasa za kufanya damu iwe nyepesi? Kuna kitu kinakudhuru ukikila? Huwa unatokwa na vile vidonda vya homa mdomoni? Umewahi kudungwa kitu mdomoni?

"Daktari, si tuendelee tu," nikasema.

"Ndiyo tunaendelea," akajibu.

Akanipiga picha mbele, upande huu, upande ule. Nyamaza. Tabasamu. Sema "mama". Akapima kwa rula ndogo. Akachukua kalamu nyeupe akanichora mistari kama fundi anayepima kitambaa. Halafu akaniuliza swali ambalo sikulitarajia.

"Ni nani amekuambia midomo yako ina shida?"

Nikataka kusema ni mimi mwenyewe. Nikajikuta nasema, "Jescah wa kwaya."

Hakucheka. Akaandika. Sijui aliandika nini, labda "Jescah".

Nikamwonyesha ile picha kwenye simu. "Nataka hii. Vilevile. Na hiki kialama hapa kwenye kona, mnaweza kuniwekea?"

Akaitazama simu, akanitazama mimi. "Hicho unacho tayari. Pale pale."

Nikajigusa. Kweli kulikuwa na kikovu kidogo. Nikafurahi sana. Nikajua basi kazi imepungua, Mungu alikuwa ameanza kunisaidia.

"Lakini leo sikudungi," daktari akaendelea. "Siku ya kwanza ni ya kuongea tu. Na ukidungwa utavimba. Unaweza kupata alama nyeusi, na midomo itachukua kama wiki mbili kutulia. Jumamosi ungetokea kama mtu ameumwa na nyuki. Na si ya kudumu, inaisha baada ya miezi. Na kuna hatari, hata kama ni chache: dawa ikiziba mshipa wa damu, hiyo si mambo ya urembo tena, ni dharura. Nenda nyumbani ufikirie."

Jumamosi yangu imeenda hivyo. Nilikuwa nafungua mdomo kumbembeleza ndipo mlango ukafunguka, na mwiko ukaingia kabla ya mjomba.

Sasa turudi hapo.

"Inua hiyo blauzi," mjomba akarudia. "Daktari, usimfiche huyu kijana. Zimevunjika ngapi?"

"Ngapi nini, mzee?"

"Rips!"

Daktari akashangaa. "Lips ziko mbili tu. Ya juu na ya chini."

"Mbili!" Mama akakaa chini, akashika kichwa. "Ya juu na ya chini! Amemaliza mtoto wangu!"

"Huyu anakupiganga tangu lini?" senge akaniuliza, huku akimtikisa Wangila. "Na wewe unasema ndiyo mapenzi! Mapenzi gani ya kuvunjana rips?"

Wangila wa watu hakuwa anajitetea hata. Machozi yalikuwa yanamtoka. "Gentrix, ni nani amekupiga? Niambie tu. Hawa wamenitoa kwa duka wakaniambia umelazwa."

Mjomba akapiga mwiko kwenye meza. "Jumamosi hakuna kitu. Hao watu wa Matete wakae kwao. Nimeshawapigia wazee simu nikawaambia."

Miaka minne nimempenda huyu mtu. Miaka minne, na inaisha kwa sababu ya herufi mbili.

"Sijapigwa!" nikapiga kelele. "Hakuna mtu amenipiga! Nimekuja kutengeneza midomo!"

Mjomba akashusha mwiko.

"Midomo," mjomba akasema taratibu. "Midomo imefanya nini?"

Nikaona aibu kubwa. Nikatoa simu. "Nilitaka ikae hivi."

Mama akaichukua. Akafuta machozi na leso, akaisogeza simu mbali, akaisogeza karibu.

"Na si hii ni mdomo yako?"

"Hapana, mama. Hiyo ni ile ya baada."

"Baada ya nini? Mimi ndio nilikuzaa. Hii alama ni ile ulikatwa na ganda ya muwa. Ulikuwa na miaka sita, ukalia mpaka majirani wakakuja na maji."

Daktari akageuka akaangalia bango lake ukutani. Sote tukaangalia. Midomo mikubwa kama mto wa kitanda, na pale kwenye kona, kovu la ganda la muwa.

Ilikuwa mimi. Mwezi mzima nilikuwa namwonea wivu Gentrix.

Lakini mama hakuwa amemaliza. Alikuwa ameinuka, anaikaribia ile picha nyingine.

"Na hii ya KABLA ni ya Osiako. Osiako, hebu simama hapa."

Mjomba akaenda akasimama kando ya bango na mwiko wake. Tukamwangalia yeye, tukaangalia KABLA.

"Imetolewa masharubu tu," senge akasema.

Polepole, watu wote wakageuka kumwangalia Wangila, mwenye duka la kuchapisha mabango.

"Daktari aliniambia nitafute midomo mizuri kabisa. Sikutafuta. Nilikuwa nayo kwa kompyuta, ile picha ya Gentrix kwenye harusi ya rafiki yake Christine kule Mukumu."

"Nilikuambia pia uandike ni mfano tu!" daktari akafoka. Yeye naye alikuwa amefadhaika kweli. Nadhani ndiyo kwanza alikuwa ameiangalia ile picha vizuri.

"Na mimi?" mjomba akauliza, sauti imeshuka.

"Wewe, mzee, ulikuja kupiga passport. Nilihitaji midomo inayofanana na ya Gentrix, ndio watu waamini ni mtu mmoja."

Nilimkasirikia, msidhani sikukasirika. "Unanibandika ukutani mjini kote bila kuniuliza?"

"Ungekataa. Wewe unakataanga hata picha ya simu."

"Ndiyo, ningekataa! Ni mdomo wangu!"

Akainamisha kichwa. "Ni kweli. Nimekosa. Ningekuuliza." Halafu akaongeza kwa sauti ya chini, kama anajiambia yeye, "Hiyo alama nilijaribu kuifuta. Nikaona midomo haikuwa yako tena. Nikairudisha."

Miaka minne ya "uko sawa tu". Kumbe alikuwa anaangalia.

Nililia pale kwenye kiti, mistari yote ya kalamu nyeupe ikashuka mpaka kidevuni. Daktari akanipa pamba. Mama akaninong'oneza kwamba wazee wa huyo kijana wakipigiwa simu tena, mimi ndiye nizungumze, mjomba asiguse simu.

Jumamosi watu wa Matete walikuja. Mjomba Osiako aliwaambia wazee hawataingia ndani mpaka alipwe jogoo mmoja kwa kuitwa KABLA mbele ya umma. Jogoo alikuwa ameletwa tayari. Wangila anamjua mjomba.

Picha zilipigwa. Nimecheka kwenye zote, mkono uko chini. Nilizituma kwenye group ya kanisa, na Jescah akaandika, "Gentrix, umetengenezwa wapi hizo lips?"

Sikumjibu. Wacha ateseke.

Bango lilishushwa siku ileile ya Jumatano. Lakini Daktari Cheptoo aliniambia juzi kitu ambacho mpaka leo mjomba anakisimulia sokoni akiwa ameinua kidevu. Tangu bango lishuke, watu watatu wamekuja kliniki wakiuliza kama wanaweza kutengenezewa ile midomo ya KABLA.

Kwa hiyo wewe unayesoma hii, na una picha umeificha kwenye simu: daktari mzuri atakuuliza maswali mengi, atakuonyesha hatari, na siku ya kwanza hatakudunga. Hiyo ndiyo utarajie. Akikudunga bila swali, shuka ngazi.

Lakini kabla hujamwonyesha daktari midomo unayoitaka, mwonyeshe mama yako kwanza. Huenda anamjua mwenye midomo.