Nilivyoyasugua Meno ya Ndeshi

Sisi tuliokulia Kariakoo zama za foleni tulikuwa na utaratibu wetu wa meno, na daktari hakuwemo. Jino la utoto likilegea unalichezea kwa ulimi wiki nzima, mwalimu akidhani unatafuna pipi darasani. Likigoma kutoka linafungwa uzi wa cherehani, ncha ya pili inafungwa kwenye kitasa cha mlango, na mtu mzima mmoja anajifanya ana haraka ya kutoka nje. Baada ya hapo unalitupa juu ya bati na kuomba uletewe jipya. Nyumba tuliyopanga, jirani na Mtaa wa Msimbazi, ilikuwa ya vyumba sita, na ukiwakumbuka watoto wote waliopita humo, nadhani bati lile lilibeba meno mengi kuliko misumari.

Dawa ya meno ilikuwepo, sitaki kusema uongo. Ilikuwepo siku ilipokuwepo. Siku hiyo mtaa mzima unakimbilia duka la ushirika. Unapanga foleni kwanza, kinachouzwa utauliza ukishasimama. Tubu moja ikiingia ndani inakaa miezi. Inakunjwa kuanzia mkiani kama mkeka, ikifika shingoni inapasuliwa kwa wembe na kukwanguliwa. Siku nyingine zote tulitumia mswaki wa mti, chumvi na mkaa uliosagwa. Wajukuu zangu nikiwaeleza hivyo wananitazama kana kwamba tuliishi pangoni. Bafuni kwao kuna tubu tatu, ya asubuhi, ya usiku, na nyingine nyeusi tii. Nilipouliza hiyo nyeusi ni ya nini, nikajibiwa kwa fahari, "Bibi, hiyo ni ya kisasa, ina mkaa."

Kwetu mimi ndiye mkubwa. Nilizaliwa hapa hapa mjini, baba akiwa fundi viatu Kariakoo. Nilipokaribia kuanza shule, mama aliniacha na baba, akarudi kijijini, huko tambarare chini ya Mlima Kilimanjaro, na wadogo zangu wawili, Ndeshi na Elia, wakazaliwa na kukulia huko. Kisha mama akafariki, baba akawaleta mjini, na kabla ya mwaka kuisha naye akamfuata. Nilikuwa darasa la sita. Niliyakunja madaftari yangu, nikayafungia kwenye sanduku la baba pamoja na nyundo yake, nikaenda kumwambia mwenye nyumba, Mama Mwajuma, kwamba natafuta kazi. Alikuwa Mzaramo mwenye kifua kipana na sauti ya kuita watu mtaa wa pili. Alikuwa anapika kashata za nazi na kuziuza sokoni.

"Shule je?" akaniuliza.

"Watasoma hawa wawili, mama."

"Haya. Nazi zile pale. Anza kukuna."

Basi nikawa mtu wa kashata. Nilikuna nazi, nikakoroga sukari ilipopatikana, na isipopatikana tukatumia sukari guru. Lakini kazi niliyosifiwa zaidi ilikuwa kusugua masufuria. Sukari ikiungua inashika chini kama lami. Mimi nilichukua kumbi la nazi, nikachovya kwenye jivu lililochekechwa, nikasugua mpaka Mama Mwajuma akajitazama humo na kujifunga kilemba. Kabla ya kusugua, nilikuwa nakwangua ule ukoko wa sukari kwa kijiko na kuula. Huo ndio ulikuwa mshahara wangu wa siri. Shikilieni hapo kwenye ukoko, nitaurudia.

Miaka minne baadaye Ndeshi alikuwa darasa la nne, mwenye akili kali na sauti nzuri. Lakini meno yake ya mbele yalikuwa ya kahawia, yenye mistari na madoa. Ya Elia yalikuwa bado ya utoto, hayajaonyesha neno. Yangu mimi yalikuwa meupe pee, na nikiri kwamba nilikuwa nayaringia. Watoto wa mtaani hawakukawia. Wakambatiza jina.

"Chai ya Rangi! We Chai ya Rangi, leo huna maziwa?"

Ndeshi akajifunza kucheka akiwa ameziba mdomo kwa kiganja. Baadaye akajifunza kutocheka kabisa.

Mambo yaliharibika mwalimu wake alipomchagua aongoze ngonjera katika sherehe ya shule, viwanja vya Mnazi Mmoja, mbele ya wazazi na wageni. Wengine wangefurahi. Ndeshi alirudi nyumbani, akavua sare, akaikunja vizuri na kuniwekea mapajani.

"Dada, siendi tena shule. Nitakuna nazi na wewe."

"Umefanya nini?"

"Sijafanya kitu. Ngonjera yenyewe ni ya usafi wa mwili. Mimi ndiye wa kusema *piga mswaki asubuhi, piga mswaki jioni*. Nikifungua mdomo tu, watu watakufa kwa kicheko."

Nilitaka kucheka, Mungu anisamehe. Lakini sare ile ilikuwa mapajani mwangu, na sanduku la baba lilikuwa chini ya kitanda na madaftari yangu ndani yake. Kama Ndeshi angeacha shule, basi na mimi nilikuwa nimeiacha bure. Nikamwambia, "Rudisha hii kwenye msumari. Meno nitayashughulikia mimi."

Enzi zile ukiwa na tatizo, nyumba nzima ina tatizo. Chumba cha kwanza alikaa mzee wa Kimakonde, akashauri chumvi. Chumba cha nne wakasema ndimu, na kweli tukasugua ndimu siku tatu, mtoto akikunja uso kama kitambaa kilichokamuliwa. Mama Mwajuma alileta mkaa. Kila asubuhi tulimtoa Ndeshi uani kwenye mwanga, wapangaji wote wakainama kumchungulia mdomoni kama wanunuzi wa ng'ombe.

"Yamepungua."

"Wapi! Yako vile vile."

"Mnasugua kivivu," akasema Mama Mwajuma.

Neno hilo, kivivu, liliniuma mimi mwenye sifa ya masufuria. Jumatano asubuhi nikachukua kumbi jipya la nazi, nikachekecha jivu, nikamkalisha Ndeshi juu ya mbuzi ya kukunia nazi, nikamwambia afungue mdomo. Ninyi mliokaa na dada wakubwa mnajua kwamba hapo hakuna rufaa. Nilisugua kama ninavyosugua sufuria la kashata, nikihesabu moyoni hadi mia. Ndeshi alilia bila sauti. Alipotema, jivu lilitoka na damu. Meno yalikuwa ya kahawia kama yalivyokuwa, ila sasa fizi zilikuwa zimevimba, na akinywa maji ya mtungi anaruka.

Alhamisi hakula. Ijumaa asubuhi, siku moja kabla ya sherehe, nilimfunga khanga mabegani, nikampeleka kwa daktari wa meno.

Sikuwa nimewahi kufika huko. Sisi daktari wa meno tulimjua kwa jina la mng'oaji, mtu mwenye koleo na goti la kukukandamiza kifuani. Matibabu ya serikali yalikuwa bure, ulicholipa ni kukaa. Tulikaa kwenye benchi refu, watu wote wameshika mashavu, na kila mlango ulipofunguka tulisogea mbele kidogo na kutamani tungesogea nyuma.

Daktari alikuwa mtu mrefu, amefunga kitambaa cheupe puani na mdomoni. Tukamwamkia.

"Shikamoo, daktari."

"Marahaba. Nani mgonjwa?" Akamwinamisha Ndeshi kichwa, akamulika, akatazama muda mrefu. "Nani amemfanyia hivi mtoto huyu?"

Nikanyoosha mkono kama niko darasani.

"Kwa kutumia nini?"

"Kumbi la nazi, daktari. Na jivu."

"Jivu?"

"Nililichekecha kwanza."

Akamgeukia muuguzi. "Sista, umesikia? Lilichekechwa."

Muuguzi akageukia ukutani, mabega yakimtikisika.

"Na kabla ya jivu?" daktari akaendelea.

"Ndimu. Na chumvi. Na mkaa."

"Sabuni mlisahau?"

"Haikuwepo dukani, daktari."

Akashusha pumzi. Akamuuliza Ndeshi alikulia wapi. Ndeshi akajibu kwa kiganja mdomoni, akataja kijiji. Daktari akamsalimia kwa lugha ya kwetu, na mtoto akashtuka mpaka akasahau kuziba mdomo. Ndipo daktari alipokishusha kile kitambaa, akatabasamu.

Meno yake yalikuwa ya kahawia. Yalikuwa kahawia kuliko ya Ndeshi, na mistari juu.

"Unayaona haya?" akamwambia. "Mimi kijiji changu na chako vinatazamana. Maji ya kule yana madini. Mtoto akiyanywa wakati meno yake makubwa bado yanajitengeneza ndani ya fizi, rangi inaingia humo humo. Jino linaota likiwa hivyo tayari. Siyo uchafu, mwanangu. Mimi dawa zote ziko kabatini hapo nyuma, na mswaki napiga kila siku. Ingekuwa inatoka, si ningeshaitoa?"

"Hakuna hata ya kupaka?" nikauliza.

"Labda watu wa mbele huko watakuja kuivumbua. Kwa leo, dawa ni wewe kumwacha." Akamgonga gonga Ndeshi meno kwa kijichuma. "Mazima yote. Hakuna hata tundu moja. Asukutue maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo, fizi zitapona. Ndimu muweke kwenye mchuzi. Kumbi libaki kwenye sufuria."

Nikashukuru, nikainuka. Akanizuia.

"Na wewe, dada mtu, hebu kaa hapo."

"Mimi siumwi."

"Tangu umeingia unaongelea upande mmoja. Kaa."

Hapo ndipo nilipoumbuka. Nyuma ya meno yangu meupe ya kuringia kulikuwa na gego lililotoboka kama mtungi mbovu. Kwa miezi nilikuwa nalijaza karafuu, kwa kuwa nikilala mgonjwa hakuna kashata, na pasipo kashata hakuna uji wa Elia. Daktari akataka kujua nakula nini. Nikamweleza habari za ukoko wa sukari. Akatikisa kichwa.

"Haya, Ndeshi," akasema, "njoo uone. Mwenye meno ya kahawia mzima, mwenye meno meupe ndiye anayeng'olewa. Mshike mkono dada yako asitukimbie."

Ndeshi alinishika mkono kwa nguvu zote. Nina hakika alikuwa analipiza kisasi cha kumbi. Sindano ya ganzi ilikuwa nene kama msumari wa baba, koleo lilikuwepo kweli, ila goti la kifuani halikuwepo. Nilipotoka, shavu langu lilikuwa limeumuka kama andazi. Njia nzima Ndeshi alikuwa akinitazama na kucheka, na kiganja chake kilikuwa chini, kimebeba khanga yangu.

Kesho yake Mnazi Mmoja palijaa. Mimi na Mama Mwajuma tulisimama karibu na kamba, Elia shingoni kwangu. Ndeshi akatokea na sare iliyopigwa pasi ya mkaa, akasimama mbele. Nilijua mstari uleule unakuja. Moyo ulinidunda mpaka kidonda cha jino kikadunda nao. Mtoto mmoja nyuma yetu akaanza, "Chai ya Ra..." Mama Mwajuma akageuka. Yule mtoto hakumaliza.

Ndeshi akavuta pumzi, akafungua mdomo wote mpaka magegoni.

"Piga mswaki asubuhi, piga mswaki jioni! Rangi uzaliwe nayo, uchafu usikae nao!"

Mstari wa pili haukuwamo kwenye ngonjera. Niliona mwalimu wake anafungua karatasi na kuitafuta. Lakini watu walikuwa wameshapiga makofi. Mimi nilitaka kupiga vigelegele, nikaishia kutoa upepo, shavu halikukubali. Mama Mwajuma akanipigia vyangu pamoja na vyake.

Jumatatu Ndeshi alikwenda shule mwenyewe bila kuamshwa. Wale wachokozi aliwaeleza kwamba meno yale wanaota watu watakaokuja kuwa madaktari, na kama hawaamini waende wakamwangalie daktari wa meno. Nasikia wawili walikwenda kweli. Udaktari haukuja, lakini alifundisha sayansi miaka mingi mpaka akastaafu, na jina la Chai ya Rangi wanafunzi wake walilitamka chini chini sana.

Siku hizi ile dawa ya kupaka watu wa mbele wameshaivumbua. Mjukuu wangu wa kwanza amefunga nyaya mdomoni kama uzio wa shamba, na anataka zikitolewa apelekwe kung'arishwa meno. Sina ugomvi naye. Ninachoshindwa kuelewa ni kwamba akipiga picha anabinua midomo, jino halionekani hata moja. Sisi tulificha meno kwa aibu, wao wanayatengeneza halafu wanayaficha kwa mtindo. Na muwa wananunua uliokwisha kumenywa na kukatwakatwa, uko kwenye mfuko wa nailoni.

Ndeshi akija Jumapili haleti wa mfuko. Ananunua muwa mzima, tunakaa barazani, wajukuu wanatushangaa. Mimi magego yangu yalifuatana moja baada ya jingine, nimebaki na ya bandia ambayo hayawezi muwa. Basi yeye anauweka kwenye yale meno yake ya kahawia, anavuta ganda mara moja, linachanika mpaka chini. Anamega pingili, anaigawa vipande vidogo vidogo, ananiwekea kiganjani.

"Nyonya taratibu, dada," ananiambia. "Na usiyatazame meno yangu hivyo. Kumbi la nazi siku hizi halipatikani."