Kiti cha Baba na Mabwana wa Wales

Baba yangu alikuwa mkuu wa ukoo wetu pale Mpui. Utawala wa machifu ulikuwa umeshaondolewa zamani, lakini watu waliogombania mipaka ya mashamba bado walipita kwake kabla ya kwenda kwa mtendaji wa kijiji. Mimi nilikuwa mtoto wake wa kiume wa nje ya ndoa. Nikiwa na miaka sita alinichukua kwa mama yangu kule Kipili, akanisimamisha mbele ya wazee wa ukoo, akasema, "Huyu ni wangu." Tangu hapo hakuna aliyeniuliza natoka wapi.

Miaka mitatu baadaye mke wake wa ndoa alijifungua mtoto wa kiume. Nilimbeba mgongoni, nikamfundisha kusoma, na nilipoanza kufundisha historia Sumbawanga akaja kukaa kwangu kwa masomo ya sekondari.

Nilikuwa na kitabu kuhusu Wales ya Zama za Kati, nilichoachiwa na padri mzee aliyekuwa anarudi kwao. Nilikipenda kwa sababu ambayo sikumwambia mtu. Kwa sheria ya kale ya Wales, ardhi ya baba iligawanywa kwa wanawe wote wa kiume, na mtoto wa nje alihesabiwa sawa na wenzake, mradi baba amemkiri. Kisha mtawala mmoja mwenye nguvu akaiacha desturi hiyo. Alimnyima cheo mwanawe mkubwa, aliyezaliwa bila ndoa ya kanisa, akampa mdogo, na akamwomba hata Papa aithibitishe. Baadaye yule mdogo alimfunga kaka yake. Kaka akaishia mikononi mwa mfalme wa Uingereza, akafa akijaribu kutoroka kwa kamba ya mashuka kutoka mnara aliofungwa huko London.

Nilimsimulia mdogo wangu habari hiyo tukipukuchua mahindi. Alikasirika kweli, akasema yule mdogo aliyemfunga kaka yake hakuwa na haya. Nilizidi kumpenda.

Baba alipofariki, mdogo wangu alikuwa tayari na kazi ya ofisini. Alikuja kuniomba niandike historia ya ukoo, isomwe kwenye kikao cha kumpata mrithi. Yeye angeipiga chapa. Niliandika kwa wiki tatu, nikizunguka kwa wazee kuuliza majina na makaburi. Kunihusu mimi niliweka sentensi moja tu, ile ya siku niliyokiriwa.

Siku ya kikao aliisoma mwenyewe. Ilikuwa kazi yangu, neno kwa neno, hadi alipofika kwa baba. Hapo akasoma: "Marehemu alijaliwa mtoto mmoja wa kiume." Akafunua ukurasa bila kuinua macho.

Shangazi yetu akaninyooshea kidole, akauliza, basi huyu ni nani. Nyumbani tulizoea Kifipa, lakini mdogo wangu alimjibu kwa Kiswahili, taratibu, kama yuko ofisini.

"Shangazi, huyu ni kaka yangu na ninamheshimu. Ila cheo kinafuata ndoa. Hata kwa wafalme wa Ulaya ilikuwa hivyo. Yeye mwenyewe ndiye aliyenifundisha."

Wazee wawili walioshuhudia baba akinikiri walikuwa wamekaa karibu na mdogo wangu. Niliwatazama. Mmoja alijishughulisha na kifungo cha koti lake, mwingine akaangalia mlangoni. Ndipo nikajua kwamba walishazungumza naye kabla.

Nikasimama. "Nilikufundisha kwamba yule baba aliivunja sheria yao," nikamwambia. "Wa kwetu hakuivunja ya kwetu."

Shangazi peke yake alitoka nje, akakataa kurudi. Alasiri hiyo mdogo wangu alikalishwa kwenye kiti cha baba, akavishwa shuka jeusi la mkuu wa ukoo, wanawake wakapiga vigelegele.

Sikwenda kushtaki. Shamba alinikatia, tena zuri, na watu wengi wanaona nimetendewa haki. Tukikutana sokoni Sumbawanga huvua kofia na kunisalimu, "Shikamoo, kaka." Namwitikia marahaba, kwa kuwa watu wanatusikiliza. Sijawahi tena kumwita "mdogo wangu" mbele yake.