Damu ya Siku ya Kliniki

Ukikaa karibu na Shakira sokoni Kimironko, Kigali, kwenye safu ya mafundi cherehani, umeme ukakatika na mashine zote zikanyamaza kwa pamoja, utasikia saa. Tik, tik, tik. Wateja wengi hutazama ukutani. Ukutani hakuna saa, kuna kalenda ya mwaka juzi iliyotolewa na duka la mbolea. Mteja mdadisi zaidi huinama kuchungulia chini ya meza, na hapo ndipo Shakira humwambia, bila kuinua macho kutoka kwenye kitenge chake, "Ni mimi, mama. Umeme ukirudi hutanisikia."

Ana vali ya kutengenezwa moyoni, visahani viwili vigumu vinavyofunguka na kufungika kila moyo unapopiga. Aliwekewa akiwa msichana, na timu ya wapasuaji waliotoka nje ya nchi, wakapasua watu kwa wiki mbili, wakala mishikaki, wakapiga picha na kila mgonjwa, wakaondoka. Yote hayo yalianzia kooni. Utotoni koo lilimuuma, likapona. Baadaye magoti yakavimba, nayo yakapona. Kilichofuata ni kwamba hakuweza kupanda ngazi za shule bila kupumzika katikati kama bibi. Ugonjwa ulikuwa umeshuka polepole hadi moyoni huku kila mtu akishangilia kwamba koo limepona. Babu yake aliingia nchi hii na mabunda ya vitambaa kutoka Tabora, akawaachia wajukuu Kiswahili, pilau, na imani thabiti kwamba hakuna ugonjwa wa koo unaoweza kuishinda tangawizi.

Vali hiyo inafanya kazi vizuri, ila damu haijaikubali. Damu ikigusa kitu kigeni hutaka kuganda juu yake, na donge likikaa pale, ama vali inakwama, ama donge linakatika na kupanda kichwani, na mtu anaamka upande mmoja haumsikilizi. Kwa hiyo Shakira anameza kidonge cha kuizuia damu isigande, kila jioni, maisha yake yote. Na kila mwezi anaenda kliniki kutolewa damu ili ipimwe imekuwa nyepesi kiasi gani. Namba inatakiwa iwe kati ya mbili na nusu na tatu na nusu. Ikizidi, unaweza kuvuja damu kwa kujigonga mlangoni. Ikipungua, ni yale ya donge.

Namba ya Shakira ilikuwa nzuri siku zote. Si nzuri tu, ilikuwa ya kuoneshwa wageni.

Na wageni walikuwepo. Miaka kadhaa sasa kulikuwa na utafiti wa kujua waliopasuliwa moyo wanaendeleaje baada ya wapasuaji kupanda ndege: nani yuko hai, nani alipata kiharusi, nani alirudi kazini, nani aliacha dawa. Shakira aliupenda utafiti huo kama watu wengine wanavyopenda tamthilia ya redioni. Alimngojea muuguzi wa utafiti, binti mmoja mtaratibu aitwaye Uwera, akiwa na maswali yake tayari.

"Muganga, ni kweli huko nje wanatoa moyo mzima na mapafu yake, wanaweka ya mtu mwingine?"

"Ni kweli, dada Shakira."

"Sasa huyo aliyewekewa, akifika nyumbani, anampenda mke wake au wa yule mwingine?"

Uwera, ambaye kozi yake haikuwa imeligusa suala hilo, alifikiri. "Utafiti yetu iko ya vali tu," akasema.

Mambo yalianza kubadilika siku ambayo umeme ulikatika sokoni na hakuna mteja aliyetazama ukutani. Fundi wa mashine ya pili, Mukarugwiza, mama wa makamo aliyekulia Karagwe upande wa Tanzania na ambaye kwa miaka mingi amelalamika kwamba ni kama anashona pembeni ya kituo cha basi chenye saa, aliacha kushona pindo akasikiliza.

"Shakira. Betri imekwisha?"

"Iko. Ni wewe masikio."

"Masikio yangu yanasikia mpaka yule muuza ndizi anavyodanganya kule mwisho. Wewe sikusikii. Hebu nyamaza."

"Sijasema kitu, dada."

"Nyamaza zaidi."

Alisogeza kiti, akaweka sikio karibu na kifua cha mwenzake, hadharani, katikati ya soko, huku amebana pini midomoni. Mlio ulikuwepo, lakini umefifia, kama saa iliyofungwa ndani ya taulo. Mukarugwiza akatoa pini. "Nenda hospitali leo."

"Kliniki yangu ni wiki ijayo."

"Moyo wako unafuata ratiba?"

Shakira alicheka. Hakusema kwamba hata yeye alikuwa amegundua. Usiku mbili zilizopita mumewe Sibomana, anayefanya kazi ya mizigo uwanja wa ndege na ambaye husinzia kwa mlio huo kama mtoto kwa wimbo, alikuwa amegeukageuka akiuliza kwa nini nyumba imekuwa kimya. Na kilima kidogo cha kwenda kwao Kabeza kilikuwa kimeanza kuwa kirefu. Alitaka kujua sababu. Usiku alikuwa akiweka kidole shingoni, anahesabu mapigo, anajiuliza kilichofunika ule mlio ni nini hasa. Lakini kwenda hospitali leo, hivi alivyo, hakukuwezekana. Hakuwa amejiandaa.

Hapa inabidi kueleza kujiandaa. Kigali ni mji unaojua kukaguliwa. Mgeni akitangazwa, majani yanakatwa, mitaro inasafishwa, hata mbwa wanatembea upande unaofaa. Shakira amelelewa humo, na kwake siku ya kliniki ilikuwa siku ya kupokelewa na watu wa heshima. Mwanzoni kabisa muuguzi fulani alimwambia mboga za majani zinapunguza nguvu ya kile kidonge. Naye anapenda isombe, kisamvu kilichotwangwa na kupikwa kwa karanga mpaka kiwe laini kama siagi, kupita chakula chochote cha dunia hii. Akafanya kilichoonekana kuwa cha adabu. Kila kliniki ikikaribia aliacha isombe, mchicha ambao huko huitwa dodo, na kabichi, akala wali mweupe na maharage, akafika amepiga pasi gauni na damu yake vilevile. Akishatoka anapitia sokoni kununua isombe ya wiki tatu.

Haikumjia kamwe kwamba huo ni udanganyifu. Hakuna anayempokea mgeni kwa sebule isiyofagiwa akaita huo ukweli.

Siku mbili baada ya Mukarugwiza kumsikiliza kifua, Uwera alitokea sokoni bila taarifa. Alikuja kwa moto, yaani pikipiki ya kukodi, kofia ya abiria ikiwa imemvuruga nywele, na begi begani. Ilikuwa saa ya chakula. Shakira alikuwa ameshika sahani ya isombe, kijiko kikiwa njiani.

"Dada Shakira! Nimekuletea habari nzuri. Kutakuwa mkutano ya madaktari wa moyo, watatoka nchi nyingi. Wamekuchagua wewe uongee. Namba zako ni mzuri kupita za wote."

Shakira aliifunika sahani kwa kipande cha kitenge. Sura yake ilikuwa ya mtu aliyekutwa amevaa kanga moja.

"Muganga, ungepiga simu."

"Nilikuwa napita tu."

"Ungepiga simu, ningeacha isombe tangu Jumatatu."

Uwera alikuwa tayari ametabasamu kwa heshima, kama mtu anavyofanya akiombwa radhi ya fujo ya nyumba. Tabasamu likabaki pale lenyewe, mawazo yake yakiwa yameshaondoka. "Unaacha isombe? Lini?"

"Kabla ya kliniki. Ili damu iwe safi."

"Kila mara?"

"Sasa nije kwenu na isombe mwilini?"

"Ni nani alikufundisha?"

"Hakuna wa kunifundisha. Kwenye benchi tunaambiana. Mzee Karangwa yeye anaanza wiki nzima kabla."

Uwera akakaa kwenye kiti cha wateja. Benchi lote. Miaka ya utafiti, majedwali, rangi ya kijani kila mwezi, barua za pongezi kutoka kwa watu wenye vyeo virefu. Na walichokuwa wamekipima kwa uangalifu huo wote ni malezi bora ya wagonjwa wao. Kwa siku chache za kila mwezi. Siku zilizobaki hakuna aliyejua.

"Na saa yake imezimika," Mukarugwiza akasema kutoka mashine ya pili, kwa sauti ya mtu anayetaja hali ya hewa. "Kama hilo nalo linaingia kwenye utafiti."

Uwera alisimama haraka hata begi likaanguka. Kipimo kidogo cha kuchoma kidole alikuwa nacho. Akamchoma Shakira palepale, kati ya mkasi na vipande vya vitambaa. Shakira akasogea kuona pia, kwa sababu hakuwahi kuiona damu yake ya siku ya kawaida. Mashine ikafikiri. Moja na nukta tatu.

"Hii ni ya nani?" akauliza.

"Ni yako, dada. Twende."

"Gauni la mteja ni la leo jioni."

"Nitalimaliza mimi," Mukarugwiza akasema, akilivuta. "Na ulikuwa umekosea mkono wa kushoto."

Hospitalini walimpaka mafuta baridi kifuani, wakaangalia kwa mashine ya picha. Daktari Ntare alimgeuzia skrini alipoomba, na aliomba kabla hajalala sawasawa. Kisahani kimoja kilikuwa kinapiga vizuri. Cha pili kilikuwa kinafunguka kivivu, na kwenye ukingo wake kulikuwa na kitu kidogo kimekalia, chepesi kama ukungu.

"Ndiyo hilo?"

"Ndilo donge."

"Dogo hivyo?"

"Dogo hivyo lingetosha," daktari akasema.

Hapo Shakira aliogopa, kwa mara ya kwanza, na hakuuliza swali lingine mpaka asubuhi.

Walimtundikia dripu ya dawa kali zaidi, wakamlaza, wakamchungulia kila siku. Sibomana alikuja jioni na sare yake ya kazi, akakaa pembeni ya kitanda. Siku moja alisinzia kwenye kiti. Muuguzi wa zamu alitaka kumwamsha, Shakira akamzuia kwa mkono: kama huyu amelala, basi kuna anachosikia. Asubuhi yake mashine ya picha ilikubali: donge lilikuwa limeyeyuka.

Wakati wa kuruhusiwa, Uwera alikuja na maagizo. Shakira alijiandaa kuagana na isombe.

"Kula," Uwera akasema.

"Nile?"

"Kula kila siku, kiasi kilekile. Sisi tutapanga dawa ifuate isombe. Ila usiache hata siku moja kwa sababu yetu. Tafadhali." Akasita. "Na ile mkutano, bado wanataka uongee. Mimi nimewaambia ukweli. Sasa wanataka zaidi."

Kliniki iliyofuata Shakira alifika na gauni lake la pasi, akakaa benchini kati ya wenzake. Benchi hilo, sokoni likiwekwa, lingedhaniwa ni duka la fundi saa. Akafungua kibakuli. Harufu ya isombe na karanga ikasambaa kwenye korido yote.

Mzee Karangwa, mwalimu mstaafu, mtu wa tai hata Jumapili, aligeuka taratibu. "Shakira, binti yangu. Leo? Mbele ya waganga?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Watakuona."

"Ndiyo ninachotaka. Nilikuja hapa miaka yote, hawakuniona." Akawasimulia yote: sahani, kidole, donge kama ukungu. Alipomaliza, kila mmoja alikuwa ameinamisha kichwa kidogo kuelekea kifua chake mwenyewe, akisikiliza.

Aliitwa ndani. Namba ilikuwa mbili na nukta mbili, ya kwanza isiyopendeza siku ya kliniki katika maisha yake ya utafiti. Uwera aliiandika kwa furaha isiyo ya kawaida, akaongeza dawa kidogo.

Aliporudi benchini kuchukua kibakuli, kilikuwa mikononi mwa mwalimu, kimeshapungua.

"Wiki nzima sijala kitu cha kijani," mzee akasema, bila kuinua macho. "Keti. Saa yako inasikika mpaka huku."