Nilivyojifungia Ndani ya Gari la Mzee Gaspari

Sogea karibu nikusimulie, maana habari hii ukiisikia kwa watu wa mtaa wetu wa Majengo watakuongezea chumvi, na mimi ningependa uipate kwa mwenye aibu yake. Mimi ni fundi wa magari, na wengine huniita mwalimu kwa sababu nikishika gari la mtu lazima nimweleze kila nati kazi yake, lakini siku hiyo niliumbuka mbele ya kinamama kumi na kitu, na chanzo chake, sikufichi, kilikuwa wivu.

Mzee Gaspari, mpima barabara mstaafu, ana gari la spoti la zamani, la kijani, milango miwili, limekaa chini kiasi kwamba hata kokoto linaligusa. Songea nzima sijaona la pili. Mvua zikianza hapa lile gari halifai barabarani, matope mekundu yanaingia kila mahali na chuma kinaota kutu, kwa hiyo kila Desemba hupumzishwa mpaka Pasaka ipite. Kwa miaka tisa nililitunza mimi, likiwa kwake. Sasa mzee alikuwa anakwenda kukaa kwa binti yake Dodoma, nikajua safari hii litalala kwangu, nikasafisha banda, nikanunua na turubai la nailoni linalong'aa ili wapita njia walione. Kumbe akalipeleka kwa Mama Zuhura, mwenye mashine ya kusaga, kwenye stoo yake ya mahindi.

Nilimuuliza mzee kwa upole kwa nini, akasema stoo ya mama ni kavu na ana paka watatu. Yaani mimi na cheti changu cha ufundi nimeshindwa na paka. (Nilinuna wiki nzima, mke wangu akaniuliza kama nimeachwa na mchumba.)

Basi Ijumaa moja nikachukua debe la mahindi, ingawa unga nyumbani ulikuwepo, nikaliweka kwenye foleni pale mashineni, kisha nikajipenyeza stoo kwa nyuma bila kumwambia mtu. Nilitaka kosa moja tu, nilipige picha, nimtumie mzee, gari lihamie kwangu.

Nikalifunua gari upande mmoja. Nitakueleza nilichokiona hata kama kinaniuma. Gari lilikuwa limeinuliwa juu ya magogo manne, kwa sababu tairi ikibeba uzito miezi mingi bila kuzunguka inabonyea upande mmoja. Bomba la moshi limezibwa kwa gunzi lililoviringishwa kitambaa ili panya asiingie. Vioo vimeachwa wazi upana wa kidole, hewa ipite. Na funiko lenyewe lilikuwa mashuka ya pamba yaliyounganishwa kwa cherehani, yanayopumua, wakati nailoni yangu ingelifanya gari litoe jasho mpaka lioze. Ningekuwa nasahihisha mtihani ningempa alama zote, na hapo ndipo roho ikazidi kuniuma.

Likabaki suala la betri. Betri ikiachwa na waya zake kwa miezi inakufa, kwa hiyo nikasema niingie, nibonyeze honi kidogo, kwa kelele za mashine nani atasikia, na ikilia tu, basi waya hazijatolewa, nimemkamata. Nikaketi kwenye usukani. Mara nikasikia viatu, mwanamke anakuja kuchukua gunia, nami kwa hofu nikavuta mlango, mashuka yakashuka, giza. Alipoondoka nikabonyeza honi. Kimya. Mama Zuhura alikuwa ametoa waya.

Nikatafuta kitasa cha ndani nitoke, na hapo nikakumbuka kwamba kitasa cha upande ule kilikatika, na aliyeahidi kukitengeneza tangu mwaka juzi ni mimi. Mzee mwenyewe hushusha kioo akafungua kwa nje. Nikazungusha kishikio cha kioo, kikanibakia mkononi. Mlango wa pili ulikuwa umebanwa na ukuta. Nikaanza kuusukuma mlango kwa bega, magogo yakalia, nikatulia haraka.

Mara mashine ikazimwa. Sasa ningeweza kuita, lakini ningeita niseme nini? Nikawasikia kinamama wakiulizana debe lile ni la nani, mwenyewe kaenda wapi, na mimi mwenyewe nimekaa gizani nimeshika kipande cha plastiki.

Kumbe kila Ijumaa Mama Zuhura humpigia mzee simu ya video amwonyeshe gari lake. Nikasikia sauti yake ikikaribia, na nyuma yake wateja waliotaka kuliona.

"Subiri mzee, nalifunua."

Mashuka yakavutwa. Mwanga ukanipiga usoni, jasho linanitiririka, simu imenielekea. Adabu za nyumbani zikanitoka zenyewe.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, fundi," simu ikajibu. "Safari ya wapi?"

"Kaka dereva, mimi nishushe Mpitimbi," mama mmoja akadakia, na pale stoo haikukalika kwa kicheko.

Mama Zuhura hakucheka. Alinifungulia mlango, akakipokea kile kishikio, akaniambia taratibu, "Fundi, si ungeniuliza? Haya yote nimeyapata kwako. Mwaka jana ulikuwa unamweleza mzee, mimi nimesimama pale bandani kwako nasubiri mota ya mashine yangu. Ulisema gari lazima lipumue."

Nilitamani anitukane. Maneno yangu mwenyewe yalikuwa yamekaa kwake vizuri kuliko kwangu, kwa sababu yeye alisikiliza ili gari lipone, na mimi nilinunua turubai ili nionekane.

Mzee akasema gari litabaki pale pale, na mimi nitakwenda kila Ijumaa kuzungusha magurudumu, mama akiwepo, na nianze na kitasa. Nimekitengeneza. Wivu bado upo, siwezi kukudanganya, hasa nikimkuta paka amejilaza juu ya boneti ambayo mimi siruhusiwi kuigusa peke yangu. Ila ninakwenda, na Ijumaa iliyopita mama aliniuliza kuhusu mafuta ya breki, nikamweleza mpaka akaelewa.

Nawe ukitaka kuangalia kitu kilichokabidhiwa mtu mwingine, nenda kwa mlango wa mbele, piga hodi, na usiguse chochote mpaka ukaribishwe.