Hedfoni za Esnah na Salamu za Ondieki

Mkaza mwana wangu Esnah ana masikio mawili kama sisi, lakini ya kwake yanafanya kazi kuliko punda wote wa soko la Ikonge. Asubuhi anayafunika kwa hedfoni kubwa, zile zinazozunguka kichwa na kuwa na kijiti kinachokuja mdomoni, halafu anakaa chumbani kwake kujibu simu za watu ambao matangi yao ya maji yanavuja. Watu wa Mombasa, wa Garissa, wapi na wapi. Yeye yuko hapa, kuku wanadonoa dirishani, na anawaambia, "Pole sana mteja wetu, nakusikiliza."

Mchana akichuma chai, mikono yote miwili ikiwa kazini, anaongea na mumewe Mokua aliye Nakuru. Ijumaa anajifunza sauti yake ya kwaya. Na siku ile ya mvua ya mawe alitoka nazo kuanua nguo. Jiwe la ukubwa wa yai la bata likagonga hedfoni, likaruka, likamwangusha jogoo wa jirani yetu Nyangate ng'ambo ya mto. Nyangate anakataa, anasema jogoo alikufa kwa uzee. Mimi nilialikwa kwenye mchuzi wake, na ile haikuwa nyama ya mzee.

Kazi ya simu alikuwa amepewa mwezi mmoja wa kujaribiwa. Ilikuwa imebaki wiki moja aandikwe kabisa, ndipo mume wangu Ondieki akatuletea maneno.

Kwetu baba mkwe haingii nyumba ya mkaza mwana. Hata mvua inyeshe ya kubeba ng'ombe, yeye atasimama nje. Basi Ondieki kila asubuhi akienda kukamua anasimama njiani na kuusalimia ukuta wa nyumba ya Esnah salamu ya asubuhi ya kwetu: "Bwakire, mama." Zamani ukuta ulikuwa unajibu. Sasa ukanyamaza. Anachosikia ni Esnah ndani akimwambia mtu asiyeonekana, kwa sauti ya asali, "Asante kwa kusubiri, bwana." Siku tatu mfululizo. Kuchungulia hawezi, ni aibu.

"Mama Mokua," akaniambia, "mkaza mwana wako amenidharau. Jumapili nimeita wazee wa ukoo. Hicho kitu cha masikio kitarudi kilikotoka, na kazi yake iende nacho."

"Umemuuliza?"

"Nitamuulizaje na hajibu?"

Esnah aliposikia alikuja jikoni kwangu, macho mekundu. "Mama, nikizivua katikati ya simu, kazi nimekosa. Na baba siwezi kusimama mbele yake nimweleze. Mweleze wewe."

"Ondieki haelezwi, mwanangu. Ondieki anaonjeshwa. Zile zako za zamani bado zinaimba?"

Alhamisi nikamvisha Ondieki hedfoni za zamani, na simu yangu nikaiwekea nyimbo za kwaya. "Zionje kwanza," nikamwambia, "ndipo uzishtaki vizuri mbele ya wazee."

Kwa mtu mwenye hasira, alikubali haraka sana. Alichuma chai nazo. Alikata majani ya ng'ombe nazo. Kisha akabeba kikapu kwenda kituo cha kuuzia chai, akiimba besi, mpaka ng'ombe wa Kenyenya wakainua vichwa, na Kenyenya si karibu. Njiani akapishana na Anyona, mzee wa kanisa. Hilo mimi sikulipanga. Mungu naye ana utani wake.

Jumapili wazee wakaketi uani, nikawamiminia chai. Kabla Ondieki hajafungua mdomo, Anyona akasimama.

"Nina shitaka langu. Alhamisi nilimsalimia Ondieki mara tatu, na yeye akanipita akiimba. Nimemkosea nini?"

"Sikukusikia," Ondieki akasema. "Nilikuwa na vitu masikioni."

Wazee wote wakamtazama. Yeye akaitazama chai yake.

"Vitu gani?" Anyona akauliza.

"Vile vya mkaza mwana wake," nikajibu kutoka jikoni, maana kwenye kikao sikuwa nimeitwa.

Mzee Bosire alicheka mpaka chai ikamtokea puani. "Sasa Ondieki, ukoo uanze na kesi ya nani?"

Ondieki akainua kikombe chake. "Tunywe chai," akasema.

Walikubaliana kwamba Esnah akiwa kazini atatundika leso nyekundu mlangoni, na akimaliza atakuja uani kwetu kujibu salamu zote za siku hiyo. Jumatano iliyofuata akaandikwa kazi.

Zile hedfoni za zamani Ondieki hajazirudisha, anasema bado anazichunguza. Lakini kila asubuhi akifika njiani anazivua, anavua na kofia, anaisalimia leso: "Bwakire, mama." Leso inatikisika. Anaapa kwamba inamjibu. Na mimi, ambaye sijawahi kudanganya mtu, nimeisikia.